Rwamgasa: Diski ya miaka mitatu kwa kumbukumbu za miaka saba

Na Mwandishi Wetu, Geita

LESENI ndogo ya uchimbaji madini nchini hudumu kwa miaka saba. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka za biashara yake kwa muda usiopungua miaka mitano. Diski ambayo mmiliki wa leseni hiyo anainunua dukani ili aweke nyaraka hizo mara nyingi ina dhamana ya miaka miwili, na akibahatika, mitatu.

Pengo hilo la miaka linazidi kuwa suala zito katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Rwamgasa, wilayani Geita, ambako kompyuta imeanza kuchukua nafasi ya daftari la kaunta. Katika uchimbaji mdogo kumbukumbu si jambo la kupamba ofisi. Mawe yanayotoka shimoni hugawanywa kwa viroba kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wafanyakazi, na kila upande una sababu ya kutaka hesabu ya mgawo wa jana iwepo kesho.

Idadi ya viroba vilivyotoka, siku vilivyopelekwa karashani, uzito wa dhahabu iliyopatikana, kiasi kilichouzwa na mrabaha uliolipwa ni mambo yanayoweza kuzua ugomvi mkubwa yakikosa maandishi. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, likiwa la kwanza nchini, mauzo ya dhahabu yamekuwa yakiacha stakabadhi. Nyingi kati ya hizo leo hupigwa picha au kuchapwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta.

Aidha, kamera za ulinzi zimekuwa jambo la kawaida katika sehemu za kuchenjulia dhahabu na maduka ya wanunuzi. Wapiga picha za harusi na video za sherehe nao wana maktaba zao. Wote hao hufika mahali pamoja: flashi zimejaa, kompyuta ndogo imejaa, na inahitajika kompyuta moja ya kukaa nyumbani au ofisini saa zote, yaani seva ndogo, ambayo wengine wote wataichukulia na kuiwekea mafaili.

Hapo ndipo linapoulizwa swali ambalo kila fundi kompyuta amelisikia: ni kampuni gani inatengeneza diski isiyokufa?

Swali hilo lina kasoro, kwa sababu hakuna kampuni ya namna hiyo na haijawahi kuwapo. Kampuni kubwa zinazotengeneza diski za kuzunguka duniani sasa zimebaki tatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Kati ya hizo, na kati ya zile zilizomezwa nazo, hakuna iliyokosa toleo la kuaibisha.

Kampuni ya IBM, ambayo ndiyo iliyoleta diski ya kwanza ya kompyuta mwaka 1956, ilitoa mwaka 2000 diski iliyoitwa Deskstar 75GXP. Ziliharibika kwa wingi kiasi kwamba wateja wa Marekani walifungua kesi ya pamoja mwaka 2001, na mwaka uliofuata IBM ilikubali kuuza biashara yake ya diski kwa Hitachi.

Miaka zaidi ya kumi baadaye ilikuwa zamu ya Seagate. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi mafaili ya wateja kwenye maelfu ya diski na kutangaza hadharani ngapi zimekufa, ilieleza kwamba diski za Seagate za terabaiti 3 zilizokuwa katika vituo vyake ziliharibika kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 40 katika mwaka 2014 pekee. Kiwango hicho kilitisha, na kesi ikafunguliwa mwaka 2016.

Jambo ambalo halikusomwa na wengi ni kwamba katika ripoti hiyohiyo, diski za terabaiti 4 za Seagate hiyohiyo zilikuwa chini ya asilimia 3. Kampuni moja na mwaka mmoja, lakini toleo moja lilikuwa balaa na jingine lilikuwa la kawaida kabisa. Kwa hiyo anayesema kwamba amewahi kuunguliwa na jina fulani na hatalinunua tena huenda anakimbia toleo ambalo lilikwisha kuondoka sokoni zamani.

Zipo takwimu za kutosha za kumsaidia mnunuzi, iwapo ataziangalia kwa jicho la mashaka. Kwenye karatasi za viwanda, diski nyingi za seva ndogo huandikiwa wastani wa saa milioni 1 kabla ya kuharibika. Saa hizo ni sawa na miaka 114, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetarajia diski idumu kwa muda huo. Maana yake halisi ni kwamba diski 114 zikiwashwa mwaka mzima, inatarajiwa moja ife. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 1.

Mwaka 2007, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walikusanya kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 na kuonyesha kwamba uhalisia ni mwingine. Diski zilizobadilishwa kila mwaka zilikuwa kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na mahali pengine zilifika asilimia 13. Hali imeimarika tangu wakati huo. Backblaze ilitangaza asilimia 1.70 kwa mwaka 2023 na asilimia 1.57 kwa mwaka 2024.

Asilimia moja na nusu inaonekana ndogo. Lakini diski moja ikiachwa kufanya kazi kwa miaka saba ya leseni kwa kiwango hicho, uwezekano wa kufa kabla ya muda huo kwisha ni kama mmoja kwa kumi. Kiwango kikiwa asilimia 4, uwezekano unafika mmoja kwa nne. Na takwimu hizo zimetoka katika majengo yenye viyoyozi, umeme usiokatika na mafundi wa zamu, si katika chumba cha mabati kilicho hatua chache kutoka kwenye karasha.

Kwanza, ni lazima diski iwe ya kazi hiyo. Hapa ndipo makosa mengi ya bei rahisi hufanyika. Diski ya kompyuta ya mezani ya aina ya Barracuda ya Seagate, kwa mfano, imeandikwa na kiwanda chenyewe kwamba imekusudiwa kuwashwa saa 2,400 kwa mwaka. Hizo ni siku 100. Diski ya IronWolf ya kampuni hiyohiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya seva ndogo, imekusudiwa saa 8,760, yaani usiku na mchana mwaka mzima. Ya kwanza inaruhusiwa kusoma na kuandika terabaiti 55 kwa mwaka, na ya pili 180.

Tofauti hiyo si ya kinadharia. Chukua ofisi yenye kamera nane za ulinzi, kila moja ikirekodi kwa kasi ya kawaida ya megabiti 2 kwa sekunde. Kila kamera itaandika gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nane zitafika gigabaiti 172.8, na kwa mwaka terabaiti 63. Diski ya mezani itakuwa imevuka mpaka wake wa mwaka kabla Desemba haijafika, bila mtu yeyote kuigusa.

Ndiyo maana viwanda vina diski za kamera, kama WD Purple na SkyHawk, na diski za seva ndogo, kama WD Red Plus na IronWolf. Diski ya seva ndogo ina jambo jingine la muhimu: ikikutana na sehemu mbovu, hukata tamaa mapema, baada ya sekunde chache, na kuiachia seva iitafute habari hiyo kwenye diski ya pili. Diski ya mezani hung'ang'ana kwa muda mrefu, na seva huweza kudhani imekwisha kufa na kuitoa kundini.

Hata jina lililo kwenye lebo limewahi kudanganya. Aprili 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeweka ndani ya baadhi ya diski zake za WD Red, za kati ya terabaiti 2 na 6, mtindo wa uandishi unaoitwa SMR, bila kueleza jambo hilo kwenye lebo wala karatasi za bidhaa. Katika mtindo huo mistari ya habari hulaliana kama mabati ya paa, hivyo ili kubadilisha mmoja ni lazima ile inayoufuata iandikwe upya.

Diski ya namna hiyo inafaa kuweka mafaili yasiyobadilika. Ndani ya seva yenye diski kadhaa, hasa siku diski moja inapokufa na nyingine inatakiwa kujazwa upya, kazi huenda kwa kujikokota na wakati mwingine hushindikana. Baada ya malalamiko, kampuni hiyo ilitenga jina la Red Plus kwa diski za mtindo wa kawaida, yaani CMR. Mnunuzi wa leo aulize herufi hizo tatu, na muuzaji asiyejua jibu aombwe namba ya toleo ili itazamwe kwenye tovuti ya kiwanda kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tatizo kubwa zaidi kwa mnunuzi wa Geita, hata hivyo, huenda lisiwe toleo wala mtindo, bali ni kama diski anayouziwa ni mpya.

Mwaka 2021 ilizinduliwa sarafu ya kidijitali iitwayo Chia. Tofauti na Bitcoin, ambayo wachimbaji wake hushindana kwa nguvu ya kukokotoa, Chia iliwataka wachimbaji wake wawe na nafasi kubwa ya diski. Watu, hasa China, walinunua diski kubwa kwa maelfu. Thamani ya sarafu hiyo iliporomoka, na diski zile zikabaki bila kazi baada ya kuzunguka kwa miaka.

Januari 2025, chombo cha habari cha Heise cha Ujerumani kilianza kuripoti kwamba wateja walionunua diski mpya za Seagate Exos walikuwa wameuziwa diski zilizokwisha kufanya kazi kwa saa kati ya 15,000 na 50,000. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu. Kumbukumbu ya ndani ya diski, iitwayo SMART, ilikuwa imefutwa ili isomeke sifuri, na Heise ikaeleza kwamba zilishukiwa kutoka kwenye mashamba ya Chia. Seagate ilikana kuhusika na mauzo hayo, na mwaka huohuo 2025 maofisa wa Malaysia wakishirikiana na kampuni hiyo walivamia ghala karibu na Kuala Lumpur na kukamata mamia ya diski zilizokuwa zikigeuzwa sura.

Ikiwa Mjerumani, mwenye maduka yanayodhibitiwa na sheria kali za mlaji, aliuziwa diski ya miaka minne kwa bei ya mpya, si busara kudhani kwamba mnyororo unaopita Dubai, Guangzhou na Kariakoo hadi Mwanza umebaki safi. Kuna kinaya pia: diski iliyochakazwa na wachimbaji wa sarafu ya hewani inaweza kuishia kutunza hesabu za wachimbaji wa dhahabu ya kweli. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2025, mahitaji ya vituo vya akili mnemba yamesukuma juu bei za vifaa vya kuhifadhi kumbukumbu, hali inayoongeza kishawishi cha kusafisha kuukuu na kuiita mpya.

Utambuzi wake hauhitaji maabara. Meno ya mahali pa kuchomekea waya yakiwa na mikwaruzo, diski hiyo imewahi kuchomekwa. Namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo ikiingizwa kwenye ukurasa wa dhamana wa kiwanda, majibu hutoka papo hapo. Ikijibiwa kwamba diski iliuzwa kwa mtengenezaji wa kompyuta na haina dhamana ya mnunuzi, au kwamba dhamana imekwisha, hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kubadilisha hali hiyo.

Kisha diski ichomekwe dukani, muuzaji akiwapo. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizofanya kazi na mara ilizowashwa. Kwa diski za Seagate, ambazo zina kumbukumbu nyingine ya ndani zaidi iitwayo FARM, programu ya bure ya smartmontools huweza kuisoma. Saa za SMART na za FARM zikipishana kwa maelfu, kuna mtu aliyerudisha kalenda nyuma. Muuzaji anayekataa kipimo hicho cha dakika tano amekwisha kujibu.

Hili halimaanishi kwamba kila diski iliyotumika ni ya kutupa. Inayouzwa kama iliyotumika, kwa bei ya iliyotumika, inaweza kuwa nakala ya tatu nzuri tu. Ubaya uko kwenye kulipia upya usiokuwapo.

Baada ya kununua, zinafuata hali za mahali penyewe. Rwamgasa, ambayo kwenye nyaraka nyingine huandikwa Lwamgasa, ni mojawapo ya maeneo ya uchimbaji mdogo yaliyochunguzwa sana katika ukanda huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa sehemu ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), na baadaye Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) likaweka hapo mojawapo ya vituo vyake vitatu vya mfano kwa wachimbaji wadogo, vingine vikiwa Katente na Itumbi. Ni mahali penye kusaga mawe. Penye kusaga mawe pana vumbi na pana mtetemo.

Ndani ya diski, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwishoni mwa mwaka 2008, mhandisi Brendan Gregg wa kampuni ya Sun Microsystems alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva kwa mdomo wake, na mitambo ikaonyesha papo hapo jinsi zilivyochelewa kujibu. Kama sauti ya mtu mmoja inatosha kuyumbisha kichwa hicho, mtu anaweza kukadiria kinachofanywa na karasha upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo seva haina sababu ya kukaa ofisi ya karashani. Ikae nyumbani, au katika chumba kilicho mbali na mashine, juu ya kitu kizito kisichocheza, si juu ya friji. Ikilazimika kukaa karibu, diski za seva ndogo zenye uwezo wa kuhimili mtetemo zina faida ya kweli kuliko za mezani.

Vumbi haliingii ndani ya diski kwa urahisi, kwani tundu lake la hewa lina chujio. Linaloathirika ni feni na matundu ya kasha, na matokeo yake ni joto. Hapa pia kuna imani inayostahili kusahihishwa. Watafiti wa Google, katika uchunguzi wao wa mwaka 2007 uliohusu diski zaidi ya 100,000, hawakuona kwamba joto la kawaida lilikuwa muuaji mkubwa kama ilivyodhaniwa. Athari zilijitokeza kwenye joto la juu kabisa, hasa kwa diski zilizozeeka. Maana yake ni kwamba hakuna haja ya kukopa fedha za kiyoyozi. Inatosha kasha lipanguswe kila mwezi, feni izunguke, na seva isifungiwe kabatini chini ya bati la saa nane mchana.

Uchunguzi huohuo ulitoa onyo jingine. Diski ikionyesha kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 uliongezeka mara 39 kuliko diski isiyo na kosa. Wakati huohuo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara hata moja kati ya zile zilizo muhimu zaidi. Onyo likitokea, basi, lichukuliwe kwa uzito wote, lakini kutokuwapo kwake si cheti cha uzima.

Umeme unahitaji maneno machache, kwa kuwa kila mkazi anaujua. Mgawo ulioikumba nchi mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulipungua baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha, wa kwanza ukiwashwa Februari 2024. Lakini kukatika kwa dakika chache, kurudi kwa nguvu kupita kiasi na kushuka pale mashine kubwa zinapowashwa ni mambo ambayo bwawa peke yake haliyaondoi.

Diski ya kisasa umeme ukikatika hurudisha kichwa chake pembeni kwa kutumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani, hivyo haikwaruziki kama zamani. Kinachopotea ni faili lililokuwa likiandikwa, na wakati mwingine orodha nzima ya mafaili. UPS ya kawaida, iliyounganishwa na seva kwa waya ili iiambie ijizime yenyewe, ni kinga yenye thamani kuliko tofauti ya bei kati ya diski nzuri na diski nzuri sana. Mwenye fedha za kimoja tu kati ya UPS na diski ya daraja la juu achukue UPS.

Wapo wanaouliza iwapo si bora kuachana na diski za kuzunguka na kununua SSD, ambazo hazina kitu kinachotembea ndani. Kwa kompyuta ya karashani jibu ni ndiyo. Kwa maktaba ya terabaiti nyingi bei bado inakataa, na SSD iliyowekwa kabatini bila umeme kwa muda mrefu si mahali pa kuaminika pa kuacha kumbukumbu.

Linabaki suala la diski ngapi. Mpangilio wa RAID 1, ambamo diski mbili hubeba kitu kilekile, humwezesha mwenye seva kuendelea na kazi moja inapokufa. Diski hizo mbili, inavyowezekana, zisitoke kwenye boksi moja. Zilizotengenezwa siku moja zikiwa na kasoro moja huweza kufa katika wiki moja, na wiki hiyo ndiyo hasa mwenye seva anayoitegemea ya pili. Moja inunuliwe Mwanza na nyingine Dar es Salaam, au moja iwe ya kampuni hii na nyingine ya ile, mradi ukubwa ulingane na zote ziwe CMR.

Lakini RAID hailindi dhidi ya mwizi, moto, radi, virusi au mtoto aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Diski zote mbili hufuta kwa pamoja na kwa uaminifu uleule. Inahitajika nakala ya tatu, na ikae nje ya nyumba hiyo. Kwa mkazi wa Rwamgasa, diski ya nje inayopelekwa kwa ndugu mjini Geita mara moja kwa mwezi inatosha. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hata Mwanza hakuhitaji tena kusubiri kivuko. Diski isafiri ikiwa imezimwa, ndani ya kitambaa au sponji, kwani ikiwa imelala huvumilia mshtuko mara kadhaa zaidi kuliko ikiwa inazunguka.

Kuhifadhi mtandaoni nako kuna nafasi yake, hasa kwa stakabadhi na leseni, ambazo ni mafaili madogo. Tatizo ni kuutegemea mtandao peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki na intaneti ya kusuasua au bila intaneti kabisa. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na hesabu zake kwenye diski ya nyumbani siku hizo aliweza kuzisoma.

Nakala hiyo ya tatu ijaribiwe. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwenye seva achague mafaili kadhaa ya mwaka uliopita na kuyafungua kutoka kwenye diski ya nje, kwenye kompyuta nyingine. Siyo jambo geni kukuta diski iliyobebwa kwa uangalifu miaka miwili ikiwa na mafolda yenye majina tu, bila kitu ndani.

Diski ikifikisha miaka mitano, hata kama ingali nzima, ihamishiwe kazi ya nakala na mpya ichukue nafasi yake. Na ikifa, isitupwe wala isiuzwe kwa wakusanya vyuma kabla sahani zake hazijatobolewa kwa drili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhesabu mwenye duka au kikundi cha wachimbaji kuwa na wajibu juu ya majina, namba za vitambulisho na picha za watu alizonazo, na diski ambayo mwenyewe ameshindwa kuifungua inaweza kufunguliwa na fundi mwingine.